Picha ya Kutazamwa kwa Pua

Ukweni kwangu naitwa Profesa. Sijawahi kufundisha chuo chochote, na hata shule niliyosoma sikuimaliza kwa kishindo. Jina hilo nilipewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, siku niliyotumia chakula kizima cha mchana kumweleza kwa nini picha ya gari lake, aliyoichapisha kwa fahari, ilitoka na ukungu. Alikuwa ameniuliza tu kama nitaongeza mchuzi.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina studio yenye pazia jeupe, taa mbili, na ubao ukutani nilioandika kwa mkono wangu masharti ya kutoa picha kwenye kompyuta kwenda kuchapishwa. Wateja wengi huniletea picha zilizokwisha kupita kwenye simu za ukoo mzima, zimekonda, halafu wanataka kuzitundika sebuleni. Huwa nawasomesha. Nawaambia picha imeundwa kwa punje ndogo ndogo ziitwazo pikseli, na ukishazipunguza wakati wa kutoa faili, hazirudi kwa maombi. Ni kama siagi: kijiko kile kile ukikipaka kwenye kipande kimoja cha mkate kinanenepa, ukikisambaza kwenye mkate mzima unabaki unatazama mkate. Picha ya kushikwa mkononi inataka punje mia tatu kwa kila inchi. Picha kubwa ya ukutani inaweza kuridhika na chache, kwa sababu jicho la mbali halihesabu punje. Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa naipenda kupita kiasi. Niliisema nikiwa nimefumba macho kidogo, kama mtu anayeonja.

Mama mkwe sikuwahi kumsomesha. Macho yake yalikuwa yanaisha. Yalianza kuchoka zamani, kabla sijaja kuposa, na miwani ikafuatana na miwani mpaka daktari akasema miwani nyingine haitasaidia. Kilichobaki ni dawa ya matone, ya kuchelewesha tu. Vya mbali kwake vilikuwa ukungu mtupu. Lakini cha karibu, karibu kabisa, kikiletwa mpaka kwenye ncha ya pua, alikiona vizuri. Ndivyo alivyochagua mchele, ndivyo alivyotunga uzi kwenye sindano, ndivyo alivyosoma ujumbe kwenye simu, utadhani anainusa. Sote tulimwona akifanya hivyo kila siku. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu mimi, mtaalamu wa macho ya watu na picha za watu, nililiachia.

Shemeji alipopata likizo ndefu, watoto wote wa mama mkwe wakakubaliana kukutana kwake, na wajukuu, na waume na wake zao. Mama akaniita pembeni.

"Baba," aliniambia, "nataka picha ya watu wangu wote. Kubwa. Niiweke ukutani niwe nawapitia uso kwa uso, mmoja mmoja, kabla hakujafungwa huku." Akajigusa chini ya jicho.

"Mama, hilo niachie mimi."

"Haitakusumbua?"

"Mama! Hii si ndiyo kazi yangu?"

Katika maneno yote yale mimi nilisikia moja tu: kubwa.

Siku ya picha niliwapanga uani, warefu nyuma, wazee kwenye viti, watoto chini. Nikaisimamisha kamera kwenye stendi, nikapiga. Walitoka vizuri, wamenyooka, kila mmoja amejikaza kama anasubiri majibu ya hospitali. Mama akasema, "Na wewe ingia. Wewe si mtu wangu?" Nikaitega kamera ijipige yenyewe, nikabonyeza, nikatoka mbio. Katikati ya uani kandambili moja ilinasa kwenye majani, ikabaki. Mimi sikubaki. Niliwafikia nikiwa bado na mwendo, nikajigeuza, nikajishikilia kwenye bega la mke wa shemeji aliyebeba kichanga, kicheko kikawatoka wote, na wakati huo huo kamera ikalia.

Uani pakalipuka. Watu walivunjika mbavu, mama mkwe akapangusa machozi kwa ncha ya kanga. Nikaomba turudie. Kichanga kikaanza kulia, watoto wakatawanyika, mtu akasema chakula kinapoa, na hapo shughuli ya picha ikawa imekwisha.

Kesho yake, studio, nikaikuza picha ile kwenye kompyuta. Walikuwa wazuri ajabu. Kicheko kilikuwa kimewakuta bila kujiandaa na kikawafungua nyuso zote, wakubwa kwa wadogo. Isipokuwa pembeni kabisa kulia, ambako palikuwa na mtu mdomo wazi hadi kwenye magego, shati limepanda, kitovu kiko nje, mguu mmoja una kandambili na mwingine umekunjwa hewani kama wa kuku anayefikiria. Nilijaribu kumkata. Kila nilipomkata alikwenda na mkono wa mke wa shemeji, na nilipozidisha, akaenda na nusu ya kichanga. Nikamrudisha.

Basi nikakaa kuitoa faili kitaalamu. Nilikuwa nimeshapima sebule ya mama, kutoka kochi hadi ukutani, kwa hatua zangu mwenyewe na kwa uso wa mtu asiyetaka kusemeshwa. Picha ingekuwa na ukubwa wa mlango uliolazwa. Kwa umbali ule, nilijiambia, punje zote za kamera ni ubadhirifu. Kompyuta ikaniuliza upande mrefu uwe na pikseli ngapi. Nikaandika robo ya zile zilizokuwepo. Hiyo ilikuwa sababu ya kisayansi. Sababu ya pili ni kwamba faili nyepesi ingekwenda kwa mchapaji kwa simu, nisitoke kwenye kiti. Na ya tatu ni kwamba katika ukubwa ule mdomo wangu uligeuka kivuli fulani ambacho, mtu akiwa na nia njema, angeweza kukiita tabasamu. Hiyo ya tatu sikumwambia mtu. Hata mwenyewe sikujiambia kwa sauti.

Mchapaji wetu ni mwanamke mmoja tunayemwita Mama Rola, kwa ajili ya rola, yaani mabunda ya turubai na karatasi, yanayojaza duka lake mpaka wateja wanaingia kwa ubavu. Alinipigia faili ilipofika.

"Profesa, hii kitu mbona nyembamba? Huna nyingine nzito?"

"Ni ya ukutani. Itatazamwa kutoka kwenye kochi."

"Na nani?"

"Na watu."

"Haya. Wewe ndiye Profesa."

Ikatundikwa. Ilikuwa na fremu nyeusi na ilichukua ukuta mzima, na sebule ilipojaa watu na shuka lililoifunika likavutwa, wote waliokuwa kwenye makochi wakapiga makofi. Shemeji alisema hajawahi kuona kazi kama ile. Mimi nilikuwa nimesimama kando, mikono nyuma, nikisubiri kuulizwa swali la kitaalamu ili nijibu kwa kirefu.

Mama mkwe akainuka. Akashika mgongo wa kochi, kisha meza, kisha ukuta, akasogea mpaka pua yake ikagusa karatasi. Ndipo nilipoelewa, kabla hajasema kitu. Nilikuwa nimepima umbali wa kila mtu mle ndani isipokuwa wa mwenye picha.

Alipita polepole kutoka uso mmoja hadi mwingine. Alirudi, akapita tena. Makofi yakaisha.

"Wanangu," akasema, bado uso wake uko ukutani, "mbona hawana macho?"

Akahamia uso mwingine.

"Nawaona madoa matupu. Huyu ni nani? Na huyu?" Akapapasa karatasi kwa vidole, kana kwamba nyuso zimejificha chini yake. Kisha akashusha mkono. "Basi. Yamefunga mapema. Daktari alisema taratibu, lakini yamefunga." Akageuka, akatafuta kochi, akakaa, akaikunja ncha ya kanga yake juu ya magoti, mkunjo mmoja, halafu mwingine.

Hapo ndipo nilipojionea mwenyewe mimi ni mtu wa namna gani. Kwa kitambo kidogo, na si kidogo sana, niliona kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Picha ni nzuri, makofi yamepigwa, macho ya mama yanajulikana kuwa mabovu. Niliiangalia njia hiyo na nikaona ina kivuli na benchi la kupumzikia. Kisha mke wangu akanitazama, naye ananijua.

"Mama," nikasema, "si macho yako. Ni mimi. Nimeitoa picha vibaya."

Mama akanyoosha mkono akanipapasa kiganjani. "Ahsante, baba. Una moyo mzuri."

"Mama, ni kweli. Nilipunguza punje. Nilidhani itatazamwa kutoka mbali."

"Wewe hujawahi kukosea picha," akasema kwa upole. "Umetuambia mwenyewe."

Nilikuwa nimewaambia, tena mara nyingi, tena wakila. Miaka yote ya kujipiga kifua ilikuwa imenijengea heshima imara, na sasa nilipotaka kuibomoa haikutikisika. Nikamwomba shemeji aende akaweke pua yake. Akaenda, akainama, akaruka nyuma.

"Ala! Mama, kweli kabisa. Mimi hapa nina uso wa vigae!"

Wakaenda wengine, wakajazana ukutani wakinusa, kila mmoja akipiga kelele zaidi ya mwenzake kwamba haoni kitu. Mama aliwasikiliza wote.

"Nyamazeni, wanangu," akasema. "Mnanipenda, najua."

Mke wangu akamletea sindano na uzi. "Mama, hebu tunga. Jana si umetunga?" Mama akaisukuma ile sindano. Akasema asijaribiwe kama mtoto, na kwamba mkebe wa kushonea mke wangu auchukue moja kwa moja, yeye hatauhitaji tena. Tangu saa ile hakuleta kitu chochote puani. Simu ikilia alimpa mtu amsomee. Mchele akauacha wachague wengine. Macho bado yalikuwemo, yale machache, ila alikuwa ameshayaaga kwa sababu yangu. Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Aliuweka tu ule mkebe juu ya meza yangu ya kompyuta, mbele ya kibodi, akaenda zake.

Nikafungua tena kile kidirisha cha kutolea faili. Safari hii sikuwa na hadhira. Niliondoa alama inayoruhusu kompyuta kupunguza, nikaacha pikseli zote kama zilivyotoka kwenye kamera, nikapeleka ubora mpaka mwisho wa mstari. Kisha nikafanya hesabu ambayo nimeiandika ubaoni kwa wino mwekundu na ambayo kila mteja wangu anaijua: upana wa pikseli gawanya kwa inchi za karatasi. Kuandika mia tatu kwenye kisanduku hakuongezi hata punje moja. Kama siagi haitoshi, punguza mkate. Kwa ukubwa wa mlango mzima, hata punje zote za kamera zilikuwa hazitoshi kwa mtu wa pua. Kwa nusu ya mlango zilitosha vizuri. Nikaweka nusu. Halafu nikainama, nikaweka pua yangu kwenye kioo cha kompyuta, nikapita uso kwa uso kama alivyoniambia tangu mwanzo. Wote walikuwa na macho. Na mimi pembeni pale nilikuwa na magego.

Faili niliipeleka mwenyewe kwenye flashi, kwa miguu. Mama Rola ana desturi ya kuchapa kipande kidogo kwanza, kwa ukubwa ule ule wa mwisho, ili rangi na ukali vionekane kabla karatasi nzima haijaliwa na mashine. Kipande huchagua yeye. Alizungusha picha yote kwenye kompyuta yake, akatulia upande wa kulia, akachapa. Akakitoa, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Kali," akasema. "Hata jino lililozibwa naliona."

"Mama Rola, kulikuwa na nyuso nyingine zaidi ya thelathini."

"Nilitaka penye vitu vingi." Akageuza kile kipande huku na huku, mabega yanamtikisika. "Hiki nakibakisha dukani."

Kipo mpaka leo, kimebandikwa juu ya mashine yake. Wateja wanaotaka kujua ubora wa kazi yake huonyeshwa kitovu changu.

Tulipoitundika mara ya pili hatukuita watu. Nilikuwepo mimi, mke wangu, na shemeji aliyekuwa amebakiza siku chache za likizo. Mama hakutaka kuinuka. Alisema tumpe nafasi, picha ni nzuri, ameshaambiwa ni nzuri. Mke wangu akamshika mkono. "Mama, njoo unitie adabu mimi. Ukifika ukiona madoa, nitupie ndala." Mama akainuka, nafikiri ili tumwache apumzike.

Akasogea. Pua ikagusa. Akakaa hivyo, na mimi nilikuwa nimeushika mlango kana kwamba ndio unaotaka kuanguka.

"Huyu ana mvi," akasema.

"Nani, mama?"

"Kaka yenu mkubwa. Masharubu yameingia mvi na hajaniambia." Akahama kidogo. "Huyu mtoto ana kidole puani. Na huyu..." Akarudi nyuma kidogo, akasogea tena. "Huyu anacheka kwa meno ya babu yake. Yale yale. Baba yenu alikuwa anafunika kwa mkono, mimi namwondoa mkono."

Shemeji aligeuka akatazama dirisha. Mke wangu alikuwa analia bila kujificha, nami nilikuwa nalia pia, lakini kwa hofu, maana mama alikuwa anaelekea upande wa kulia wa picha, uso baada ya uso, hakuruka hata mmoja, aliwataja kwa majina yao ya utoto na kuwasema kila mmoja alivyonenepa. Akamfikia mke wa shemeji. Akakifikia kichanga. Akafuata ule mkono ulioshika bega, akaupanda taratibu hadi kwenye mwenye mkono.

Alikaa hapo muda mrefu.

"Na huyu nani?"

Mke wangu akanifinya.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mimi. Mkweo."

"Profesa?" Akaniacha mimi niliyesimama mlangoni, akarudi kwa yule wa ukutani, akamkagua kuanzia mdomoni, akashuka kwenye kitovu, akafika kwenye mguu usio na kandambili. "Baba," akasema, "mimi wewe sijakuona hata siku moja. Ulipokuja kuposa ulikaa kochi la mbali kwa heshima zako, na macho yangu yalikuwa yameshaanza. Mkwe huwezi kumwendea ukamwekea pua usoni. Kwenye picha humo, maana mpigaji ni wewe. Nimekujua kwa sauti. Na sauti yako, Mungu anisamehe, ni ya mtu anayesoma hukumu. Miaka yote hii nilidhani nimemwozesha binti yangu kwa hakimu."

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameegemea karatasi, paji la uso juu ya uso wangu, mpaka akatafuta kochi ili asianguke. "Kumbe ni huyu!" alikuwa anasema. "Kumbe ni huyu!"

"Mama, naweza kukutolea nyingine," nikasema. "Nimekaa vizuri, nimefunga mdomo."

"Thubutu."

Jioni ile alimwambia mke wangu amrudishie mkebe wake.

Matone yalichelewesha kadiri yalivyoweza. Asubuhi zote alizojaliwa baada ya hapo alizianzia ukutani, akiwapitia, na karatasi ikaanza kung'aa pale pua ilipozoea kupita. Mwaka huu macho yamefunga kweli, na hakuna wa kusingiziwa. Mkebe sasa uko kwetu. Picha iko pale pale, na mama huketi akiielekea.

Mimi bado nasomesha wateja. Lakini nikienda kwa mama, hukohoa kwanza, nikavua viatu, nikasema kwa sauti yangu ile ile ya hukumu, "Shikamoo, mama," na kabla ya kuitikia naona midomo yake inatetemeka, uso unageukia kule kulia kwenye pembe ya picha. Najua anachokiona. Sura yangu nyingine hana, wala hatapata.

"Marahaba, baba," anasema akishaweza. "Na kandambili ya pili uliipata?"